Kaya Namba 417

Barabara inaishia kwenye banda la kuku.
Kutoka hapo ni miguu, mgongoni mwa mlima wa Guizhou,
nami na dodoso la kurasa kumi na nne,
kipimo cha pumzi ndani ya sanduku la bati,
na vifyonzeo vya karatasi vya kutumia mara moja.

Mama Luo Caizhen ananifutia benchi kwa kiganja.
Juu ya jiko, darini, mahindi na pilipili
vinaning'inia vishada vishada, vikila moshi.
Makaa ya mawe wanachimba wenyewe nyuma ya nyumba,
wanayaponda, wanayakanda kwa udongo wa mfinyanzi,
matonge ukubwa wa ngumi.

Swali la tatu: unavuta sigara?
Anacheka, mkono mdomoni,
desturi ya huku, ambako meno huota
na rangi ya chai iliyolala.
Sigara ni za wanaume, mwanangu.
Naweka alama kwenye kisanduku cha KAMWE.

Sasa puliza, Mama. Vuta pumzi, kisha puliza
kama mtu anayebembeleza moto uliogoma.
Hilo hahitaji kufundishwa:
miaka arobaini na sita, kila alfajiri,
kabla jogoo hajamaliza neno lake la kwanza.
Namba inapanda, inasita,
inasimama pale wanaposimama wavutaji wa pakiti mbili kwa siku.
Narudia. Narudia tena.
Mashine ni nzima.

Mumewe, Tao Gengfa, yuko mlangoni kwenye kiti cha mianzi.
Kifua chake kinapiga mluzi
kila anapotaka kusema jina langu.
Miaka kumi na tisa alitoboa miamba huko kusini
ili maghorofa ya watu yapate pa kusimama.
Ananipa sigara kwa mikono miwili.
Kuikataa ni kumtemea mate; naiweka nyuma ya sikio.
Yeye anawasha yake.

Mlipewa barakoa?
Tulipewa. Moja. Mwaka wa kwanza.
Niliifua mpaka ikawa kitambaa cha kukamulia tofu.
Mkataba?
Anatazama kuku.
Vumbi la rangi gani?
Jeupe. Tulitoka shimoni tukafanana sote,
msimamizi hakumjua huyu wala yule,
ila siku ya mshahara
alimjua vizuri asiyekuwepo.

Na lile jiko la bomba mlilogawiwa?
Lipo, anajibu Mama, linalindwa na nguruwe.
Bomba linatoa moshi nje, sawa,
lakini pilipili zitakauka na nini?
Jua la huku huja kama mkopeshaji, siku moja, na haraka.

Kisha ananiuliza yeye,
na swali lake halina namba:
Karatasi hii ikijaa, inakwenda wapi?
Namwambia: mjini Guiyang, halafu Beijing,
ilazwe na wenzake elfu tatu,
tutafute uhusiano.
Wa nini na nini?
Wa moshi na kifua, Mama.
Anainua macho darini, anayashusha kwangu,
ananitazama kama mtoto aliyepelekwa kusoma mbali
akarudi kutangaza kwamba maji yanalowesha.

Sampuli ni gramu hamsini za pilipili.
Hamsini? Hicho ni chakula cha shomoro!
Anajaza mfuko, anaushindilia, kilo mbili,
anaufunga kwa uzi wa sweta.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimekuja. Nimepima. Nimekunywa chai yao.

Usiku, nyumba ya wageni, nikatenga gramu zangu hamsini,
nikaandika 417-P, nikafunga kwa gundi.
Zilizobaki ninajua zina nini;
ni mimi niliyeandika onyo lake, ukurasa wa tisa.
Nikazikaanga na tambi.
Zilikuwa tamu, tamu kweli, za moshi,
zikanitoa machozi na kikohozi kifupi.

Asubuhi nilipoinama kufunga viatu
sigara ya Tao ikaanguka sakafuni, imepinda.
Nikaiokota.
Dodoso halina safu yake.